Miezi kumi na mitano na huduma ya kumuuliza wakili mtandaoni

Kwa miezi kumi na mitano nilikuwa mteja wa huduma moja ya maswali ya kisheria inayotolewa kwa njia ya mtandao, ya aina ambayo mtu hulipa ada kila mwezi, huandika swali lake, kisha hujibiwa na wakili ambaye hatakutana naye wala kuisikia sauti yake. Jina la huduma hiyo sitalitaja, kwanza kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema ni malalamiko yangu binafsi, na pili kwa sababu huduma hizi zinafanana shilingi kwa ya pili, na anayetumia nyingine ataitambua yake humu bila kutajiwa. Niliitumia kwa mambo matatu mazito: viza ya shangazi yangu, ndoa ya mdogo wangu iliyokuwa inavunjika, na bega langu mwenyewe lililoumia ndani ya ndege. Mara ya kwanza ilitufaa sana, mara ya pili ilikaribia kutuponza, na mara ya tatu ilifanya yote mawili ndani ya siku mbili.

Niseme mapema kigezo nilichokitumia kuipima. Sikuipima kwa kasi ya majibu, ingawa hiyo ndiyo sifa inayotangazwa kuliko zote, wala kwa ufasaha wa lugha, kwa maana mawakili wote walionijibu waliandika vizuri, hata yule aliyekosea. Nimeipima kwa maswali ambayo wakili aliniuliza kabla hajanijibu. Mtu asiye mwanasheria huuliza kile anachokiona, ilhali kinachomdhuru mara nyingi ni tarehe aliyoisahau au karatasi aliyoidhani haina maana, na hawezi kuulizia kitu ambacho hajui kwamba kipo. Kazi hiyo ni ya wakili, na kwa kuwa huduma yenyewe hutoza ada kwa ajili ya majibu, ni rahisi mno kwa wakili mwenye foleni ndefu kujibu kilichoandikwa na kwenda zake.

Nianze na shangazi. Binti yake ameolewa Ulaya, na shangazi alikuwa amepewa viza ya Schengen, yaani ya lile eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ya mwaka mmoja, ya kuingia mara nyingi, iliyoandikwa siku 90. Alikwisha kwenda mara moja, akaingia tarehe 1 Machi na kutoka tarehe 29 Aprili, na sasa alitaka kurudi tarehe 10 Julai akae siku nyingine 60 kumsaidia binti yake aliyekuwa anakaribia kujifungua. Kwa hesabu yake hapakuwa na tatizo lolote, kwa sababu viza ilikuwa hai hadi mwaka uliofuata, na 60 ni pungufu ya 90. Mimi nami niliona hivyo hivyo, na swali nililoliandika lilihusu jambo jingine kabisa, yaani bima ya matibabu ya safari, ambayo kwa viza hiyo inatakiwa iwe ya kiwango kisichopungua yuro 30,000, na kama ile ya safari ya kwanza ingeweza kutumika tena.

Wakili aliyelipokea swali hilo hakuligusa kwanza. Aliuliza mambo mawili: tarehe za mihuri yote ya kuingia na kutoka iliyomo katika pasipoti, na kama shangazi amewahi kuwa na kibali cha ukaazi au viza ya muda mrefu ya nchi yoyote ya eneo hilo, kwa kuwa siku zilizokaliwa kwa kibali cha namna hiyo hazihesabiwi pamoja na za matembezi. Nilikereka kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeuliza habari za bima, lakini nilimtumia picha za kurasa za pasipoti baada ya kufunika namba. Jibu lilikuja jioni ile ile, na ndani yake mlikuwa na hesabu ambayo nadhani inafaa kusimuliwa yote, kwa sababu ni kosa linalowakuta watu wengi wenye nia njema.

Siku 90 zilizoandikwa kwenye viza si za kila safari, wala hazianzi upya kila mtu anapotoka na kuingia tena. Ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na hizo 180 huhesabiwa kurudi nyuma kutoka kila siku moja moja ambayo mgeni yumo ndani ya eneo la Schengen, huku siku ya kuingia na siku ya kutoka zote zikihesabiwa kuwa siku kamili. Kati ya 1 Machi na 29 Aprili shangazi alikuwa ametumia siku 60. Afisa wa mpaka akisimama tarehe 10 Julai na kutazama siku 180 nyuma, macho yake yanafika 12 Januari, kwa hiyo anaziona zile 60 zote, na zinazobaki ni 30 tu. Shangazi angetakiwa awe ametoka ifikapo tarehe 8 Agosti, ilhali tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya mwezi wa tisa. Ingefika tarehe 28 Agosti ndipo ile 1 Machi ingeanguka nje ya dirisha la hesabu, kisha 2 Machi kesho yake, na siku zikaanza kumrudia moja baada ya nyingine. Wakili alipendekeza aende mara moja kwa siku 30 au asubiri hadi mwisho wa Agosti, na akaeleza kwamba kuzidisha siku kunaweza kumletea faini, kupigwa marufuku kuingia kwa muda, na alama mbaya katika kila ombi la viza atakaloandika baadaye. Suala la bima alilijibu mwishoni kwa sentensi mbili.

Shangazi alinuna siku nzima, kisha akabadilisha tiketi. Naongeza kwamba tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kusajili kuingia na kutoka kwa wageni kwa mfumo wa kielektroniki badala ya kutegemea mihuri, kwa hiyo ile tabia ya kutumaini kwamba muhuri umefifia na afisa hataona haina nafasi tena.

Swali la pili ndilo lililonifanya niandike tathmini hii. Mdogo wangu anaishi Uingereza na mumewe na mtoto wao wa miaka minne, na yuko huko kwa viza aliyoipata kama mke. Ndoa ilipoharibika aliniomba niulize swali moja, nami nililiandika kama alivyolitamka: talaka inachukua muda gani? Jibu lilifika baada ya dakika arobaini, bila swali hata moja la kunirudishia. Lilisema kwamba tangu tarehe 6 Aprili 2022 sheria ya Uingereza na Wales haihitaji tena mtu kuthibitisha kosa la mwenzake, kwamba mmoja au wote wawili wanaweza kuomba mradi ndoa imetimiza mwaka mmoja, kwamba ni lazima zipite wiki 20 kutoka ombi hadi amri ya awali, kisha wiki 6 na siku moja kabla ya kuomba amri ya mwisho, jumla isiyopungua wiki 26. Yote hayo ni kweli. Nimeyahakikisha baadaye neno kwa neno na sikuona kosa.

Na bado lilikuwa jibu la hatari. Mdogo wangu alilisoma akaelewa kwamba baada ya wiki 26 mambo yote yatakuwa yamekwisha, na akaanza kupanga maisha kwa hesabu hiyo. Hakuna aliyemwambia kwamba amri ya talaka huvunja ndoa tu, na haifungi madai ya fedha baina ya waliokuwa wanandoa. Madai hayo hufungwa kwa amri nyingine ya mahakama, hata pale ambapo wawili hao wamekubaliana wenyewe kila kitu kwa maneno au kwa barua. Ushahidi mkubwa wa jambo hilo ni shauri la Wyatt dhidi ya Vince. Wenzi hao walitalikiana mwaka 1992 wakiwa hawana kitu. Mume baadaye akatajirika kwa biashara ya umeme wa upepo, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba mke alikuwa bado anaweza kuleta dai lake, zaidi ya miaka ishirini baada ya talaka. Mlango huo huwa wazi kwa pande zote mbili, lakini una mtego wake: anayeolewa au kuoa tena kabla ya kupeleka dai lake mahakamani hupoteza haki ya kuomba mgao wa fedha na mali. Kuna pia suala la pensheni, ambayo watu huisahau kwa sababu haionekani kama nyumba inavyoonekana. Akiharakisha amri ya mwisho kabla mali hazijagawanywa, kisha mwenzake akafariki, mtu anaweza kukosa hata kile ambacho mjane angepewa.

Hata hivyo fedha hazikuwa jambo lililonitisha kuliko yote. Huduma hii imeyapanga maswali katika makabati matatu, yaani uhamiaji, ndoa na familia, na madhara ya mwili, na mteja hutakiwa kuchagua kabati moja kabla ya kuandika. Nilichagua familia. Wakili wa familia hakuuliza mdogo wangu anaishi Uingereza kwa kibali gani, kwa kuwa hilo ni la kabati jingine, na mimi sikulitaja, kwa kuwa sikujua kwamba lina uhusiano. Lina uhusiano mkubwa sana. Anayeishi Uingereza kwa viza ya mke au mume anatakiwa kuwaarifu watu wa uhamiaji uhusiano unapokoma, na wao wanaweza kuufupisha muda wake wa kukaa hadi siku 60, ambamo ama aombe kibali cha aina nyingine, kwa mfano kama mzazi wa mtoto anayeishi huko, ama aondoke. Kwa aliyekimbia ukatili wa nyumbani ipo njia tofauti kabisa, inayoweza kumfikisha kwenye ukaazi wa kudumu. Marekani nako mambo yanafungamana vivyo hivyo, ingawa kwa kanuni nyingine: mwenye ukaazi wa masharti wa miaka miwili alioupata kwa ndoa, ndoa hiyo ikivunjika, hulazimika kuomba aondolewe masharti peke yake na kuthibitisha kwamba ndoa ilifungwa kwa nia njema. Kwa maneno mengine, mdogo wangu hakuwa na swali la talaka. Alikuwa na swali la uhamiaji lililovaa nguo za talaka, na mfumo uliona nguo tu.

Niliandika tena siku ya tatu, safari hii kwa hasira, nikaeleza kila kitu nilichokikumbuka: viza, mtoto, nyumba ya kupanga, na kwamba mdogo wangu anafikiria kuondoka na mtoto kuja kupumzika kwa ndugu hadi kesi iishe. Wakili aliyejibu safari hii alikuwa mwingine, na lazima nimpe haki yake. Aliliacha kila jambo akashika hilo la mwisho, na alianza kwa sentensi fupi ambayo naikumbuka vizuri: asiondoke na mtoto kabla ya kupata ridhaa ya baba kwa maandishi au ruhusa ya mahakama. Alieleza kwamba kumtoa mtoto katika nchi anakoishi bila ridhaa ya mzazi mwingine mwenye haki ya malezi kunaweza kuhesabiwa kuwa utekaji, hata kama anayemchukua ni mama yake mzazi na anampeleka kwa bibi yake. Mkataba wa The Hague wa 1980 uliwekwa kwa ajili hiyo hiyo: baina ya nchi zinazoutekeleza, ombi likiletwa kabla ya mwaka mmoja kupita tangu mtoto achukuliwe, mahakama ya nchi alikopelekwa inatakiwa kuamuru arudishwe mara moja isipokuwa kwa sababu chache, na masuala ya nani amlee huamuliwa kule alikotoka. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kuangalia bei za tiketi.

Hapo niingize neno moja kuhusu lugha, kwa kuwa huduma yenyewe ni ya Kiingereza na nilikuwa nikitafsiri huku na huku. Neno letu talaka hubeba mambo mawili ambayo sheria za nchi nyingi huyatenganisha: tamko la mume kwa mujibu wa dini, na amri ya mahakama inayovunja ndoa mbele ya serikali. Mtu akisema kwamba amekwisha kupewa talaka, wakili makini humuuliza ameipewa wapi na kwa njia gani, kwa kuwa tamko lililotolewa ndani ya Uingereza halivunji ndoa inayotambuliwa na sheria ya huko, ilhali talaka iliyopatikana nchi nyingine kwa taratibu rasmi inaweza kutambuliwa. Mdogo wangu hakuwa na tatizo hilo, lakini nimelitaja kwa sababu kosa la kutafsiri neno hili linaweza kumfanya mtu ajione huru na kuolewa tena ilhali mahakama bado inamhesabu kuwa mke wa mtu.

Bega langu lilikuja miezi mitano baadaye. Ndege ya kimataifa ilikuwa imekwisha kutua na watu wameanza kusimama, mtu wa safu ya nyuma yangu akafungua kabati la mizigo lililo juu ya viti, na sanduku gumu la magurudumu likaniangukia begani. Kano ilichanika. Wiki chache baadaye nilipokea barua ya kampuni ya bima ya shirika la ndege, yenye maneno ya pole, kiasi kidogo cha fedha, na karatasi ya kutia saini inayosema kwamba napokea malipo hayo kuwa kamili na ya mwisho. Niliiskani na kuuliza kama nitie saini, na kama nisipotia nina muda gani wa kudai.

Wakati huo huduma ilikuwa imeanza kutumia mashine kuandika kile inachokiita jibu la awali, linalomfikia mteja papo hapo kabla wakili hajapata nafasi. Jibu la awali liliniambia, kwa ufasaha mkubwa na bila kusitasita, kwamba nina miaka mitatu tangu siku niliyoumia. Sijui ilikitoa wapi kipimo hicho, ingawa nadhani ni kwa sababu miaka mitatu ni muda wa kawaida wa madai ya madhara ya mwili katika nchi nyingi zinazofuata mkondo wa sheria za Uingereza. Muda wenyewe hutofautiana sana, hata kati ya majimbo ya Marekani: California ni miaka miwili, na dai likiwa dhidi ya taasisi ya serikali ya huko linapaswa kuwasilishwa kwanza kwa taasisi hiyo ndani ya miezi sita, ilhali Tennessee ni mwaka mmoja tu.

Wakili halisi aliingia baada ya siku mbili, akalifuta jibu la mashine na kuuliza mambo manne: je, umetia saini chochote, ndege ilitua tarehe ngapi, tiketi ilikuwa ya kwenda tu au ya kwenda na kurudi, na makazi yako ya kudumu yako wapi. Nilipomjibu, alieleza kwamba kwa safari ya kimataifa ya ndege sheria inayoongoza ni Mkataba wa Montreal wa 1999, si sheria ya kawaida ya ajali, na kwamba mkataba huo unatoa miaka miwili tangu siku ya kufika. Muda huo ukipita, haki yenyewe hufutika. Kama ningeshika jibu la mashine na kujilegeza, ningefika mahakamani mwaka wa tatu nikiwa na bega bovu na mikono mitupu.

Kuna kichekesho chungu hapo ambacho wakili hakukitaja na ambacho nilikikumbuka mwenyewe. Mwaka 2023, katika mahakama ya shirikisho ya New York, mawakili wa abiria mmoja katika shauri la Mata dhidi ya Avianca walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani hukumu zisizokuwepo zilizobuniwa na programu ya ChatGPT. Abiria huyo alidai kwamba goti lake liligongwa na toroli la chuma la kuhudumia chakula ndani ya ndege, na hukumu hizo za kubuni ziliandikwa ili kulikwepa lile lile sharti la miaka miwili la Mkataba wa Montreal. Jaji alilitupa pia shauri lenyewe kwa kuwa lilichelewa. Huduma inayowajibu watu walioumia ndani ya ndege ilipaswa kuwa ya kwanza kulijua tukio hilo, na si ya kulirudia kwa namna yake.

Yaliyobaki katika jibu la wakili yalikuwa mazuri kiasi kwamba niliyachapisha. Alieleza kwamba mkataba unalitaka shirika la ndege lilipe madhara yaliyotokana na ajali ya ndani ya ndege au wakati wa kupanda na kushuka, bila abiria kulazimika kuthibitisha uzembe, hadi kiwango fulani kinachopimwa kwa kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, kiwango ambacho tangu 28 Desemba 2024 ni vipimo 151,880. Juu ya hapo shirika linaweza kujitetea kwamba halikuzembea. Kwamba abiria aliyechangia kuumia kwake anaweza kupunguziwa. Kwamba kuna mahali kadhaa pa kufungua shauri, pakiwemo makao makuu ya shirika, mwisho wa safari (ambao kwa tiketi ya kwenda na kurudi huwa ni pale safari ilipoanzia, jambo ambalo lilinishangaza mpaka nikalisoma mara mbili), na makazi ya kudumu ya abiria iwapo shirika linaendesha shughuli huko. Kuhusu ile karatasi ya bima, aliniambia nisitie saini hadi daktari aseme bega limefikia hali yake ya kutulia, kwa kuwa mtu akishapokea malipo kamili na ya mwisho kisha akahitaji upasuaji, maji yamekwisha kumwagika. Na alinitaka nikusanye vitu ambavyo mimi ningevitupa: pasi ya kupandia ndege, taarifa niliyoiandikisha kwa wahudumu, risiti za dawa na za teksi za kwenda hospitali, na majina ya waliokaa jirani.

Sasa mambo madogo madogo, ambayo si madogo sana. Masharti ya matumizi yanasema wazi kwamba majibu ni maelezo ya jumla na kwamba hakuna uhusiano wa wakili na mteja unaoundwa. Maana yake ni kwamba wakili hatakumbusha tarehe ya mwisho, hataandika barua kwa niaba yako, na akikosea utapata shida kumwajibisha. Masharti hayo hayo yanaruhusu maswali kuonyeshwa kwa wateja wengine baada ya kuondolewa majina, na nililiona swali la mdogo wangu limewekwa hadharani pamoja na mji, umri wa mtoto na kazi ya mume. Majina yameondolewa kweli, lakini shemeji yangu angelitambua kwa mstari mmoja. Niliomba liondolewe, wakaliondoa baada ya siku tisa. Anayeuliza habari za talaka ambayo mwenzake bado hajaijua asiandike humo hata jina la mtaa.

Jambo jingine ni leseni. Kila wakili huonyeshwa kwa jina na namba ya usajili, nami nawasifu kwa hilo, ila mfumo hauangalii kama usajili huo ni wa nchi inayoulizwa. Katika uhamiaji hilo si urasimu tu: Uingereza, tangu sheria ya 1999, ni kosa la jinai kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa au kuruhusiwa, na Marekani watu wengi wameporwa na wanaojiita notario, cheo ambacho katika nchi za Amerika ya Kusini ni cha mwanasheria kamili lakini huko si wakili hata kidogo. Dakika kumi za kuitafuta namba ya mtu katika orodha ya chama cha mawakili cha nchi husika zinatosha. Wakili wangu wa bega alikuwemo. Yule wa wiki 26 naye alikuwemo, kwa hiyo orodha haimalizi kila kitu.

Kwa jumla nimeipa nyota tatu kati ya tano. Kama makabati yangeondolewa na kila swali likaanza na fomu fupi inayouliza tarehe, kibali cha ukaazi, watoto na karatasi zilizokwisha kutiwa saini, ningeongeza ya nne bila kusita. Mdogo wangu hatimaye alipata wakili wa ana kwa ana, ambaye alitumia nusu saa ya kwanza kuuliza tu, na ombi lake la kibali cha mzazi lilitangulia ombi la talaka. Dai langu la bega liko mikononi mwa wakili anayelipwa kwa asilimia ya fidia nikishinda. Nilimpelekea lile jibu lililochapishwa, na alilisoma kalamu mkononi, akabadilisha neno moja tu.

Mwezi uliopita nilisitisha malipo. Kitufe cha kujiunga kiko kila ukurasa. Cha kujiondoa nilikikuta ndani ya kurasa nne za mipangilio, na baada ya kukibonyeza niliambiwa kwamba mwezi mmoja zaidi utakatwa kwa sababu notisi inatakiwa siku 30 kabla. Sharti hilo limo katika aya ya kumi na saba ya masharti, ambayo sikuwa nimeisoma.